LATAM Nje ya oneworld: Muungano Umekwisha, Mikataba Imebaki

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa kualikwa. Tarehe 1 Mei 2020 LATAM, kampuni kubwa kuliko zote za usafiri wa ndege katika Amerika Kusini, ilitoka rasmi katika oneworld, muungano wa mashirika ya ndege. Siku hiyo ilipita kimya, kwa sababu korona ilikuwa imelaza ndege karibu zote, na kabla mwezi haujaisha kampuni yenyewe ilikuwa imeomba ulinzi wa mahakama ya Marekani dhidi ya wadai wake. Hata hivyo korona haikuwa chanzo cha kuondoka huko. Chanzo kilikuwa Santiago, mji mkuu wa Chile, mahakamani, mwaka mmoja kabla.

LATAM ilizaliwa mwaka 2012, LAN ya Chile ilipoungana na TAM ya Brazili. LAN ilikuwa ndani ya oneworld tangu mwaka 2000, TAM ilikuwa katika muungano mwingine, Star Alliance, na kwa kuwa nyumba moja haikuweza kukaa katika miungano miwili, TAM ilihamia oneworld mwaka 2014. Kuhama, basi, hakukuwa jambo geni kwao.

Lakini kwa nini mwanachama wa miaka 20 afunge virago? Hapa lazima tutenganishe vitu viwili ambavyo abiria wengi huvichanganya. Katika muungano, mashirika hukubaliana kutambua abiria wa kila mmoja, kupeana maili za safari na kupokeana vizuri viwanjani, lakini kila moja hubaki na mapato yake. Katika ubia, mashirika hupanga kwa pamoja ratiba na nauli za njia fulani, kisha hugawana mapato ya njia hiyo bila kujali abiria alipanda ndege ya nani. Muungano ni bango la dukani. Ubia ni droo ya fedha. Na kwa kuwa washindani wanaopanga nauli pamoja wanaweza kumkamua msafiri, ubia wa namna hiyo hauanzi mpaka wasimamizi wa ushindani waridhie.

LATAM iliutaka ubia huo pamoja na mwenzake wa oneworld, American Airlines ya Marekani, na pia pamoja na IAG, kampuni mama ya British Airways na Iberia. Mwezi Mei 2019 Mahakama ya Juu ya Chile ilikataa. Miezi minne baadaye Delta, shirika la Marekani, mwanachama wa muungano wa SkyTeam na mpinzani mkubwa wa American, ilitangaza kununua asilimia 20 ya hisa za LATAM kwa dola bilioni 1.9, pamoja na mpango wa ubia kati yao. Wengi walidhani LATAM ingeingia SkyTeam moja kwa moja. Haikuingia, na mpaka ilipotoka oneworld haikuwa imejiunga na muungano mwingine wowote.

Uhusiano na American ulikatwa, kama ilivyotarajiwa. Iberia, British Airways na Qatar Airways walibaki kuwa washirika, kila mmoja kwa mkataba wake. Chukua abiria anayeruka na LATAM kutoka Santiago hadi Madrid, kisha anaunganisha na Iberia kwenda Roma kwa tiketi moja. Lebo inayofungwa kwenye sanduku lake Santiago huandikwa FCO, herufi za uwanja wa Roma, na Madrid sanduku huhamishwa kutoka ndege hadi ndege bila mwenyewe kuligusa. Anayelihamisha ni mkataba wa mashirika mawili. Muungano hauhitajiki kwa kazi hiyo.

Pengo linaonekana kwenye mlango wa ukumbi wa mapumziko. Mhudumu wa oneworld akiona neno Emerald, daraja la juu kabisa la abiria wa muungano huo, kwenye pasi ya kupandia ndege humkaribisha mgeni ndani bila kujali ni shirika gani lililompa daraja hilo. Baada ya kutoka, neno hilo liliondoka kwenye pasi za wanachama wa LATAM, na tangu hapo kila mkataba una masharti yake: mshirika huyu anatoa maili, yule anatoa maili kwa tiketi za aina fulani tu. Kwa maoni yangu hasara hiyo iliwaangukia abiria wachache, ila ni wachache wale wanaolipa nauli kubwa, na siamini kwamba kampuni haikulipima hilo kabla ya kutia saini na Delta.

Tena faida iliyotarajiwa kwa Delta ilichelewa. Idhini ya mwisho ya Marekani kwa ubia wa Delta na LATAM ilipatikana Septemba 2022, kwa hiyo kwa zaidi ya miaka miwili kampuni ilikaa bila bango la zamani na bila droo mpya kufunguka sawasawa. Ilipotoka chini ya ulinzi wa mahakama, Novemba mwaka huohuo, Delta ya SkyTeam ilikuwa na takriban asilimia 10 ya hisa zake, si 20 tena, na Qatar Airways ya oneworld ilikuwa na takriban asilimia 10 vilevile.

Nakaribisha maswali.