Muhuri Hautembei Bila Mwenyewe

Shikamooni wazee. Mawakili wenzangu, na ninyi vijana wa steshenari za Mwanga, hapa Kigoma mjini, mnaotuchapia hati, habari za asubuhi.

Juzi kijana aliniletea mkataba wa mauziano ya kiwanja, Ujiji. Muuzaji ni mama yake. Mama yuko wapi? "Yuko Kasulu, Mheshimiwa, dole gumba ameshatia. Wewe gonga tu muhuri." Nilikataa, akanuna, akachukua karatasi yake.

Sheria ya wathibitishaji wa umma na makamishna wa viapo, yaani sisi tunaoshuhudia saini na kuapisha watu, Sura ya 12, haikudai ujue kama yaliyomo kwenye kiapo ni kweli. Huo mzigo ni wa anayeapa. Lako ni dogo: kwamba amefika mbele yako, umemtambua, ametia saini ukimwona. Kifungu cha 8 kinataka uandike kwa ukweli mahali na tarehe ulipomwapisha, na tangu marekebisho ya 2016, jina lako pia. Mimi niliwahi kuumbuka hapo. Karani wangu alijaza "Kigoma" kwa mazoea, kumbe mteja nilimwapisha Kibondo. Wakili wa upande wa pili akaliona kabla yangu. Siku hizi mahali na tarehe najaza kwa mkono wangu.

Kumtambua mtu nako kuna njia mbili: unamfahamu mwenyewe, au ametambulishwa na mtu unayemfahamu. Fomu zetu zimechapwa zote mbili, na wengi wetu hatukati hata moja! Basi umemfahamu au umetambulishwa?

Lakini panaponitia hofu zaidi ni kwa bibi asiyejua kusoma, anayezungumza Kiha tu, na mkalimani wake ni mjukuu anayenunua shamba hilohilo. Huyo mjukuu mtoe nje. Tafuta asiye na maslahi, aapishwe kutafsiri, jina lake liingie kwenye hati. Kisha usimuulize bibi "umeelewa?" maana atasema ndiyo kwa heshima tu. Mwambie akueleze yeye karatasi inasema nini. Mmoja alinieleza kwamba shamba anamwazima mtu misimu miwili. Karatasi ilisema ameuza.

Kifungu cha 7 mnakijua: huapishi kwenye shauri ambalo wewe ni wakili wa upande mmoja, au una maslahi nalo. Najua mji wetu mdogo na mawakili ni wachache. Vuka barabara, mpe mwenzako.

Ninyi wa steshenari, muhuri wa wakili usilale kwenye droo zenu, hata akisema anakwenda Tabora na treni na atarudi kesho. Na wananchi, leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka. Jina la wakili mnaweza kulitafuta kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kwa simu hiyohiyo ya mkononi.

Naona mzee pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja dole gumba. Karibu, mzee wangu.