Kitufe cha Siti Kinawaka Kisha Kinazima: Jibu Langu kwa Ndugu wa Mwanza

Mwangaluka, ndugu zangu wa Mwanza, pamoja nanyi wa Musoma, Bukoba, Geita na Ukerewe ambao mmekuwa mkinifuatilia. Leo sirekodi nikiwa Aberdeen. Niko likizo nyumbani, uani kwa kaka yangu hapa Pasiansi, na juu ya mkeka huu nimetandaza kitambaa cheusi chenye waya ndani yake, ambacho nimekibeba kwenye begi kutoka Uskoti kwa sababu nilijua kwamba maneno matupu hayatatosha. Hiki kilikuwa ndani ya siti joto ya gari langu, yaani siti inayojipasha moto kwa umeme, na ndicho kilichozaa swali ambalo sasa linaletwa kila wiki chini ya video zangu, hata zile ambazo hazihusu gari kabisa.

Swali lenyewe lina sura mbili. Wapo wanaouliza nilivyoitengeneza siti hiyo, kwa kuwa na wao wana magari yaliyotoka Japani yenye kitufe kilichochorwa kiti na vimistari vya mvuke, kitufe ambacho kinawaka kwa sekunde chache kisha kinazima chenyewe. Wapo pia wanaouliza, kwa maneno makali, mtu aliyekulia kwenye jua la Kirumba anataka siti ya moto ya nini, na kwa nini awe na gari la michezo wakati nyumbani wapo wanaotembea kwa miguu kutoka Igoma hadi mjini. Nitaanza na hawa wa pili, maana maneno yao yameniuma.

Gari langu lina viti viwili na paa la turubai la kukunja. Nililinunua mwezi wa Novemba kwa pauni 2,300, likiwa na umri wa miaka kumi na minne, kwa sababu baridi ikishaingia watu wa kule hawalitaki gari la paa la turubai, na bei yake hushuka chini ya bei ya gari la kawaida la familia. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Saa kumi na moja alfajiri niko barabarani, na asubuhi nyingi za Januari ni lazima kwanza nikwangue barafu kwenye kioo. Mgongo wangu uliumia nikiwa na miaka kumi na saba, nikimsaidia mama kushusha magunia ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, na wanaoijua kazi ya Mwaloni hawahitaji maelezo zaidi. Joto la siti hunilegeza kiuno, hata nikifika kwa mzee wa kwanza naweza kuinama nikamvalisha soksi bila kushika ukuta. Wala siti joto si pambo la magari ya michezo: kampuni ya Saab ya Sweden ilianza kuiweka kwenye magari yake ya kawaida mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya watu wa nchi ya baridi kama hiyo ninayoishi.

Baba yangu mdogo aliwahi kusema kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu, simu ikiwa hewani nami nikisikiliza, kwamba nina hela za kupasha siti joto lakini mchango wangu haujafika. Mchango nilikuwa nimeutuma siku mbili kabla, ukakwama kwa wakala wa kutuma fedha aliyetaka nipige picha upya ya pasipoti kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa na kivuli pembeni. Sijamjibu baba mdogo hadi leo, kwa heshima yake. Siku ile nilikaa ndani ya gari, siti ikiwa baridi kama jiwe, nikalia.

Sasa tuje kwenye siti. Ndani yake hakuna mtambo mkubwa. Kuna vitambaa viwili, kimoja chini ya ngozi ya kikalio na kingine nyuma ya ngozi ya mgongo, na umeme wa volti 12 hupita kwenye waya mwembamba uliomo, nao ukapata moto kama unavyopata waya wa jiko la umeme, ila kwa kiasi kidogo. Kwenye kikalio kuna sensa ya joto, yaani kifaa kidogo kinachopima joto, na siti ikishapata joto la kutosha, umeme hukatwa au hupunguzwa. Kwenye gari langu vitambaa hivyo vimeungwa kwa mfululizo, yaani umeme hupita kwanza kimoja ndipo uingie kingine, kwa hiyo kikikatika kimoja vyote viwili vinakuwa baridi. Yapo magari ambayo kila kitambaa kina njia yake, na huko utasikia mgongo una joto ilhali kikalio ni baridi. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu yeyote kwamba ugonjwa wa gari lake ni huu wa langu. Ninaeleza la kwangu tu, na la kaka yangu ambalo nitalifikia.

Kitufe kuwaka kisha kuzima ni taarifa yenye maana. Fyuzi ikiwa imekatika, kwa kawaida kitufe hakiwaki kabisa. Kikiwaka na kuzima baada ya sekunde chache, mara nyingi kompyuta ya siti imejaribu kupeleka umeme, imeona haupiti au unapita kupita kiasi, ikafunga. Gereji ya kwanza niliyoiendea ilinitoza pauni 90 za uchunguzi, na siti haikufunuliwa. Karatasi waliyonipa ilisema kwamba kikalio chote kibadilishwe kwa pauni 640, ambazo kwa hela yetu ni zaidi ya milioni mbili. Niliomba waniandikie mita yao ya kupimia umeme ilisoma kiasi gani. Hawakuandika, kwa sababu hawakupima, na hilo limenikera kuliko hata bei yenyewe. Tena nchi ile ni ile ambayo mwaka 2022 BMW ilitangaza ada ya pauni 15 kwa mwezi ili siti joto ambayo tayari imo ndani ya gari ifanye kazi, na watu wakapiga kelele hadi kampuni ikaachana na mpango huo mwaka uliofuata. Mtu akisema ughaibuni kila kitu ni rahisi, mwonyesheni video hii.

Nilinunua mita ya pauni 12, nikaamua kupima mwenyewe. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo nilipokosea. Chini ya siti ya gari langu kuna plagi kadhaa, na moja ni ya rangi ya njano. Hiyo ni ya mfuko wa hewa ulioshonewa ubavuni mwa siti, ule unaofumuka wakati wa ajali. Kabla ya kuigusa unazima gari, unatoa waya wa hasi wa betri, kisha unasubiri dakika kadhaa umeme uliobaki uishe, kama kitabu cha gari lako kinavyoelekeza. Mimi nilifanya hivyo kwa usahihi, nikafungua bolti nne, nikailaza siti kwa nyuma. Kisha nikataka kujaribu kitufe. Nikarudisha betri na kuwasha swichi wakati plagi ya njano bado imening'inia.

Taa ya mfuko wa hewa ikawaka kwenye dashibodi na haikuzima tena, hata baada ya plagi kurudi mahali pake. Kwa Uingereza hilo si jambo dogo. Gari lililozidi miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka kwa sheria, na wakaguzi hawajali kama siti yako ina joto au haina, lakini taa ya mfuko wa hewa ikiwa inawaka, gari linafeli. Ukaguzi wangu ulikuwa umebakiza siku tisa. Nililipa pauni 50 kwa fundi mwingine aifute taa hiyo kwa mashine, kazi ya dakika nne, nami nikakubali kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Vipimo vyenyewe vilikuwa rahisi. Gari la viti viwili lina faida moja kwa mpimaji: siti ya abiria ni pacha wa siti ya dereva, na ya abiria ilikuwa inafanya kazi. Nilipima ya abiria, mgongo ukasoma omu 1.1 na kikalio omu 1.3 (omu ni kipimo cha jinsi waya unavyozuia umeme). Nikahamia kwa dereva. Mgongo ukasoma omu 1.1 ileile, na kikalio hakikusoma kitu, kana kwamba ncha za mita zilikuwa zimeshikwa hewani. Kwa hiyo swichi ilikuwa nzima, kompyuta nzima, mgongo mzima, na waya ulikuwa umekatika mahali fulani ndani ya kikalio. Kipimo hicho kilichukua muda mfupi kuliko muda niliokaa mapokezi ya gereji nikisubiri karatasi ya pauni 640.

Ngozi ya siti hushikiliwa na pete ndogo za waya, nazo hukatwa moja moja kwa koleo. Nilipoifunua nililiona kovu, na ninyi mnaweza kuliona hapa nikisogeza kamera. Tazameni ukingo huu wa kulia, upande wa mlango. Waya unakuja ukiwa umepinda kama wimbi, halafu unafika hapa penye doa la kahawia lenye ukubwa wa punje ya choroko, na nyuzi zake zimeachana. Gari la michezo lipo chini sana, kwa hiyo huingii kama unavyoingia kwenye daladala. Unajiachia, na uzito wote unatua kwanza kwenye ukingo huu. Nyuzi zilikatika moja baada ya nyingine, zile chache zilizobaki zikabebeshwa umeme wote, zikapata moto kupita kiasi, zikaunguza kitambaa kisha zikakatika. Siku hizi naketi kwanza katikati nikiwa nimeelekea nje, ndipo ninaingiza miguu. Vilevile sipigi goti juu ya siti kufikia kitu cha nyuma, maana goti huuvunja waya huu upesi kuliko kitu chochote.

Nilijaribu kuunga kwa risasi, ile ya kuyeyusha ya kuungia waya. Kiungo kilidumu siku kumi na moja, kwa sababu risasi hufanya mahali pake pawe pagumu na waya ukakatika tena kando yake. Sikutaka kununua vitambaa vya kampuni nyingine vinavyouzwa kwenye intaneti, ingawa wapo wanaovitumia vizuri, kwa sababu bima yangu inataka niitaarifu kila badiliko la gari, na bima hiyo tayari inanihesabu kama dereva mgeni. Leseni ya Tanzania kule hutumika miezi kumi na miwili tu, kisha unaanza mtihani upya, na miaka yangu tisa ya kuendesha kati ya Mwanza na Shinyanga haikuhesabiwa hata siku moja. Basi nilikwenda kwenye yadi ya magari yanayovunjwa, nikapata kikalio cha gari la aina ileile kwa pauni 45, nikakipima palepale kabla ya kulipa. Nilipokifunga, jumla ikasoma omu 2.4, ambayo kwa volti 12 ni ampea 5, sawa na wati 60. Kitufe kiliwaka kikabaki kinawaka. Niliweka kiganja juu ya ngozi, nikasubiri, na baada ya dakika chache joto likapanda taratibu kutoka chini.

Kwa hiyo nilitumia pauni 107, ukiacha zile 90 za gereji.

Nakuja kwa kaka yangu, kwa sababu kisa chake ndicho kinachofanana na cha wengi wenu. Gari lake lilitoka Japani likiwa limetumika, na kitufe chake nacho kiliwaka na kuzima. Jumamosi tulikwenda kwa fundi umeme hapa jirani, tukapima vitambaa, vyote vilikuwa vizima. Tatizo lilikuwa kwenye plagi iliyo chini ya siti, ambayo meno yake yalikuwa yamefanya kutu ya kijani. Gari hilo huoshwa kila wiki na vijana wanaomwaga maji hadi ndani, mazulia yakiwa hayajatolewa, na plagi hiyo imelala juu ya zulia. Fundi aliisafisha, akaipandisha akaifunga kwa kamba ya plastiki, na siti ikapata joto Mwanza, saa nane mchana, watu wakikusanyika kugusa.

Baada ya hapo kaka aliamua kuizima kabisa, nami nilimuunga mkono. Mama yetu ana kisukari na hisia za miguu na mapaja yake zimepungua. Joto ambalo mtu mzima wa afya analiona la kawaida linaweza kumuunguza mtu wa namna hiyo likikaa muda mrefu, naye asijue hadi ashuke. Watoto nao hubonyeza kila kitufe wanachokiona. Tulitazama kwanza kwenye mfuniko wa kisanduku cha fyuzi kuhakikisha kwamba fyuzi hiyo inahudumia siti peke yake, ndipo tukaitoa. Kwenye gari lako inaweza kuwa inahudumia na kitu kingine, kwa hiyo usiing'oe kwa sababu umeniona mimi. Na mtu asikushawishi kuiruka sensa ili siti ifanye kazi moja kwa moja. Hilo nalisema bila kusita, gari liwe la nani.

Mnaoniuliza kama nitalileta gari lenyewe Mwanza, usukani wake uko kulia kama wa hapa, lakini nimekaa na kaka tukapiga hesabu ya meli na ushuru, pamoja na ule wa uchakavu, na tumeliacha jambo hilo.

Alhamisi naondoka. Kitambaa hiki hakirudi Aberdeen, kwa sababu fundi wetu ameniomba nimwachie ili vijana wake wajifunze kupima. Nimekizungushia uzi mwekundu kwenye doa lile la kahawia. Weka ncha moja ya mita kwenye plagi na nyingine kabla ya uzi, itasoma. Ivushe uzi, haitasoma.