Likizo ya boti kwenye mfereji na watoto wadogo, wazazi hii ni yenu

Haya watu wangu wa Kampala, Jinja, Mbale, Arua, mko je? Leo naongea na wazazi sana sana, maana tangu niweke zile picha za likizo yetu ya boti huku Uingereza nimeulizwa sana, hiyo boti ndefu kama behewa la treni ni kitu gani, na watoto wadogo wanaiwezaje?

Sikieni. Huku Uingereza kuna mifereji ilichimbwa zaidi ya miaka 200 iliyopita, ya kubeba makaa ya mawe na mizigo ya viwanda, farasi anatembea kando anavuta boti kwa kamba. Siku hizi mizigo inaenda na malori na mifereji watu wanaitumia kutalii kwa boti. Boti yenyewe upana ni mita 2 na kidogo tu lakini urefu inaweza kufika mita 21, ndani kuna vitanda, jiko, choo, pa kuoga, na unaiendesha mwenyewe! Leseni hawadai, wenye kukodisha boti wanakufundisha pale pale halafu mnaondoka. Ukitaka ielekee kulia unasukuma ule mkono wa usukani kushoto, mnazoea.

Spidi mwisho ni maili 4 kwa saa, kama kilomita 6 hivi. Mwanangu mkubwa wa miaka sita akikimbia kando na mama yake anatuacha kabisa! Na hapo ndio napenda, jamani, kwa sababu huku maisha ni shifti, mmoja anaingia mwingine anatoka, mnapishana mlangoni na mtoto anakuona umelala tu. Kwenye boti hakuna pa kuharakia, tunahesabu bata, mdogo anauliza maswali mpaka yanaisha, na mimi niko pale namjibu.

Sasa loki. Loki ni chumba cha maji chenye milango mizito mbele na nyuma, boti inaingia, mnafunga, mnafungua vizibo kwa mpini wa chuma na maji yanaipandisha au kuishusha. Watoto wanapenda mno lakini hapo ndio pa kuwa macho. Sisi mdogo anakaa ndani, mkubwa anashikwa mkono na mtu mzima ambaye hana kazi nyingine. Mikono na miguu haitoki nje ya boti, maana inaweza kubanwa na ukuta. Na mkiwa mnashuka, boti isogee mbele, nyuma kuna kingo ya chini ya maji, mkia ukikaa juu yake boti inainama na maji yanaingia.

Laifu jaketi banange! Omba mapema, ya kilo za mtoto mwenyewe, yenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Usiniambie mfereji hauna kina kirefu, mtu mzima sehemu nyingi anasimama, ndiyo, lakini wa miaka mitatu maji yanamzidi na ni baridi kali. Mimi kila nikifunga ya mwanangu nakumbuka ile boti ya Mukono Novemba 2018, zaidi ya watu 30 walikufa kwenye ziwa letu la Victoria, na wengi hawakuwa wamevaa. Inaniuma mpaka leo. Kwa hiyo navaa mimi kwanza, wao wakiniona hawabishani.

Kama ni mara ya kwanza tafuteni njia isiyo na loki. Mfereji wa Llangollen, kutoka Chirk mpaka Llangollen kule Wales, hakuna hata moja, na mnapita daraja la Pontcysyllte linalobeba mfereji wenyewe, lililofunguliwa 1805, kazi ya Thomas Telford na William Jessop. Boti inapita juu angani, mita 38 kutoka mtoni! Ila upande mmoja hauna uzio wa kuzuia mtu kabisa, kwa hiyo watoto wote ndani, wachungulie dirishani, hakuna kubembelezwa.

Mengine madogo: mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, mkojo wa panya kwenye maji unaleta ugonjwa. Unga wa posho na maharage yaliyochemshwa tulibeba toka nyumbani. Bei ya kukodi boti inapanda sana likizo za shule za Julai na Agosti, kwa hiyo wenye watoto ambao hawajaanza shule, nendeni Mei au Septemba.