Kila bomba liwe na kazi yake: mhadhara wa meli ya angani ya stimpanki, Kigoma

Wazee wangu shikamooni, vijana habari za saa hizi. Naona wengine mmesimama mpaka mlangoni, asanteni sana, naingia moja kwa moja.

Stimpanki ni dunia ya kubuni ambako petroli haikuwahi kuushinda mvuke, watu wanaruka angani kwa boila na makaa ya mawe, na sisi wa gemu za mezani tunataka meli ya angani ambayo vidoli vyetu vya milimita 28 vitasimama juu yake vipigane huku dadu zinarushwa. Sasa wengi wakitaka kuiunda wanakimbilia simu kutafuta picha. Jamani, sisi tuko mwisho wa reli hapa, tuna Liemba! Ile meli iliundwa Papenburg Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande, ikaingia kwenye makasha kama 5,000, ikaja Dar, ikapanda treni mpaka Kigoma, ikaungwa upya na 1915 ikashushwa ziwani ikiitwa Graf von Goetzen, mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ila mafundi wakazipaka injini grisi kwanza, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina hili tunalolijua, ikaendelea na mvuke mpaka miaka ya 1970 ndo ikawekewa dizeli.

Nenda kaangalie bodi yake. Ribiti zimepangwa mstari, pale bati linapokutana na bati, kwasababu kazi ya ribiti ni kushika mabati mawili. Kwenye modeli nyingi mtu anamwaga ribiti kila mahali ili ionekane ya zamani, na jicho linakataa hata kama mwenye jicho hajui kwanini. We chora kwanza mistari ya mabati kwenye boksi, alafu chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye gundi nyeupe ya mbao, dondosha kidogo kidogo kufuata mstari. Ikikauka ukapaka rangi, ni ribiti kabisa. Na mabomba ni hivohivo, kila bomba lianzie mahali na liishie mahali, boila mpaka injini, tangi mpaka boila, na kama huwezi kuniambia hili linapeleka nini wapi, ling'oe.

Haya, ukubwa. Kidoli cha milimita 28 ni kama mtu aliyegawanywa kwa 60. Kuna zepelini ya Wajerumani, yaani meli ya angani yenye puto refu la gesi, L59, Novemba 1917 iliondoka Jamboli kule Bulgaria inakuja Afrika Mashariki ya Kijerumani kumletea Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi lao huku wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, tani kama 15 za risasi, dawa na vitu vingine, na haikupangwa kurudi kabisa, turubai lake lilikuwa ligeuzwe mahema, hadi ngozi ya njia za ndani ilikuwa ya viatu. Ikafika Sudan karibu na Khartoum ikaitwa irudi, masaa 95 angani bila kutua. Mita 226! Ukiigawanya kwa 60 bado ni karibu mita nne, nani ana meza hiyo.

Ila Henri Giffard, Mfaransa, tarehe 24 Septemba 1852 aliruka kutoka Paris mpaka Trappes, kilomita 27, kwa injini ya mvuke ya nguvu farasi 3. Yani stimpanki ya kweli kabisa, ilishatokea. Puto lake lilikuwa mita 44 kwa 12, ambayo kwetu ni sentimita 73 kwa 20, inakaa mezani vizuri tu. Na bomba lake la moshi lilielekea CHINI, kwasababu gesi ya juu yake inawaka na cheche moja inatosha. Kwahiyo ukimuona mtu kaweka chimni inapuliza juu kwenye puto, mwambie kwa upole ageuze.

Puto unalikata mbavu za duara kwenye boksi gumu, ndogo mwanzoni, kubwa katikati, ndogo mwishoni, unazitunga kwenye ufito wa mwanzi, alafu unafunika kwa vipande vya gazeti na gundi ya unga wa ngano, tabaka moja likauke ndo uweke lingine, usiharakishe hapa. Juu yake funga kipande cha wavu wa dagaa uliochakaa, ulizia kwa wavuvi kule Kibirizi, huwezi kupata kamba ndogo nzuri kuliko hizo na maputo ya zamani kweli yalivalishwa wavu. Boila ni kipande cha bomba la plastiki la inchi moja, chimni ni ganda la peni. Deki weka vijiti vya mishikaki, yaani mbao na sio chuma, maana kubiki mita moja ya haidrojeni, gesi nyepesi ya kujaza puto, inanyanyua kilo moja na kidogo tu, chuma chote kile nani atakibeba?

Sasa kitu ambacho kinaua gemu nyingi: mkono. Puto likikaa juu ya deki mchezaji hawezi kusogeza kidoli chake bila kuangusha cha mwenzake. Kwahiyo puto litoke. Bandika sumaku za spika mbovu juu ya nguzo nne za spoku za baiskeli na nyingine chini ya puto, zamu yako ikifika unanyanyua puto, unacheza, unarudisha. Deki chora viboksi vya inchi moja kabisa, na stendi ya chini uijaze mchanga iwe nzito.

Rangi sitakaa sana. Nyeusi kwanza kote, ikauke, alafu brashi iliyokaribia kukauka yenye silva au goldi unaipitisha kwenye kingo tu, kutu weka pale maji yanapotuama.

Nimekuja na mbavu zilizokatwa tayari, ziko meza ya nyuma na gundi imeshapikwa, tugawane wanne wanne tuanze.