Bustani Yenye Jina la Jenerali

Habari zenu ndugu zangu huko nyumbani. Leo niko Charleston, jimbo la South Carolina hapa Marekani, ndani ya bustani inayoitwa Hampton Park. Ngoja nigeuze kamera. Mnaiona hii barabara inavyozunguka kama umbo la yai? Inafuata njia ya farasi ya zamani. Hapa palikuwa uwanja wa mbio wa matajiri waliomiliki watumwa. Kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa yakipigana na ya Kaskazini, jeshi la Kusini likapageuza kuwa gereza la mateka wa Kaskazini. Waliokufa, si chini ya 257, walifukiwa kwenye kaburi la pamoja nyuma ya jukwaa la watazamaji.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hiki ndicho kilichonileta. Aprili 1865 vita vinaelekea ukingoni, Wazungu wengi wameshaukimbia mji. Wanaume Weusi 28 wanakuja hapa na makoleo. Watu ambao juzi tu walikuwa mali ya mtu! Wanafukua zile maiti, wanazika upya, kila mmoja na kaburi lake. Wanajenga uzio, wanaupaka chokaa, na langoni wanaandika: Mashahidi wa Uwanja wa Mbio, yaani waliokufa kwa ajili ya haki. Tarehe 1 Mei wanafika watu kama 10,000, wengi wao Weusi. Mbele wametangulia watoto wa shule wapatao 3,000, mikono imejaa waridi, wanaimba. Walipoondoka, makaburi yalikuwa yamefunikwa maua hata udongo hauonekani.

Mngetegemea bustani hii iitwe jina la nani?

Imeitwa Wade Hampton. Jenerali wa Kusini, wa ukoo uliomiliki watumwa kwa mamia. Uchaguzi wa 1876 uliompa ugavana, wafuasi wake waliovaa mashati mekundu waliwapiga na kuwaua wapigakura Weusi. Mwaka 1895 katiba mpya ya jimbo ikawanyang'anya wengi wao kura. Na ile siku ya maua ikafutika midomoni, mpaka miaka ya 1990 mwanahistoria mmoja alipoikuta kwenye karatasi za maveterani.

Nimelifikiria hili sana tangu nihamie nchi hii. Wazungu wa pande mbili walipatana, ni kweli. Mwaka 1913 huko Gettysburg, palipopiganwa moja ya mapigano makubwa ya vita vile, walikusanyika wazee zaidi ya 50,000 waliopigana, wakapeana mikono juu ya ukuta uleule waliouania kwa risasi. Rais Woodrow Wilson akawaambia ugomvi umesahaulika. Umesahauliwa na nani? Mwaka huohuo serikali yake ilikuwa inawatenga wafanyakazi Weusi kwenye ofisi za umma. Weusi karibu 180,000 walivaa sare za Kaskazini, lakini ili mahasimu wale wakumbatiane, ilibidi pasiwe na anayeuliza walipigania nini. Ndiyo maana nasema mapatano yale yalilipiwa na watu ambao hawakuitwa mezani.

Siku hizi pana kibao hapa kinachoeleza ya 1865. Nasogea karibu mkisome. Asubuhi hii nimesimama hapa muda mrefu, watu wanapita wakikimbia mazoezi, mama mmoja tu ndiye aliyesimama. Alisoma mpaka mwisho, akaweka kiganja juu yake, akaondoka kimya.

Masalia ya wale askari yalihamishiwa makaburi ya taifa kule Beaufort. Kesho naenda huko. Waridi nimeshanunua, yako kwenye ndoo nyuma ya gari.