Duka Likipendeza Mno, Mteja Hushika Mfuko

Mabibi na mabwana, wafanyabiashara wenzangu wa Tanga, assalaam alaykum na habari za mchana.

Kabla hatujakaa nimeulizwa: nikigeuza duka langu liwe supamaketi, nianze na vigae au jipsamu? Nitajibu kwa kisa cha Walmart, maduka makubwa ya Marekani yaliyoanza mwaka 1962. Miaka mingi ndani yake hapakuwa na urembo: taa nyeupe, rafu za chuma zilizojaa hadi juu, na katikati ya njia kuu marundo ya bidhaa juu ya paleti, yale majukwaa mafupi ya kubebea mizigo, bei zikisomeka kwa mbali.

Kuanzia 2008 wakaamua kujipamba. Wakabadili nembo, wakashusha rafu, wakapanua njia, wakaondoa yale marundo, wakapunguza aina za bidhaa. Wateja wakasifu. Wanasifu, huku wananunua kidogo! Mauzo ya maduka yao ya Marekani yakawa yanashuka robo mwaka baada ya robo mwaka. Hali ya uchumi nayo ilikuwa mbaya, tusiwaonee mafundi rangi bure. Mwaka 2011 wakatangaza kurudisha bidhaa zipatazo 8,500, na marundo yakarudi njiani.

Mnaona mambo hayo? Mama anayetoka soko la Mgandini na kikapu chake hasomi bei kwanza, analisoma duka. Akiona gunia la mchele limekunjwa mdomo na sabuni za mche zimepangwa mpaka dirishani, anajua hapa bei ni ya watu. Akikuta sakafu inang'aa, kiyoyozi kinavuma na rafu zina nafasi, anachungulia, anaweka mtandio wake sawa, anapita zake. Hata kama sukari yako ni rahisi kuliko ya jirani.

Mwanga ni habari nyingine. Mwaka 1993 Walmart hao hao walijenga duka mjini Lawrence, Kansas, wakaweka madirisha ya paa upande mmoja tu. Upande ulioingiza jua ukaripotiwa kuuza zaidi. Sisi jua tunalo la kugawa, ila joto la Februari mnalijua: bati la kupitisha mwanga likae juu ya njia, si juu ya friji wala chokoleti.

Kwa hiyo vigae visubiri. Anza na mwanga, na lile rundo la sabuni mlangoni usiliguse. Haya, maswali. Yule bwana wa jipsamu aanze yeye.