Deskitopu Mpya kwa Amiga ya Zamani: Soma Kwanza Mstari wa Juu

Assalamu alaykum. Ndugu zangu, na nyinyi wanangu mliopanda daladala kutoka mashamba kuja hapa Mjini, ahsanteni sana. Sitaeleza kwa kirefu Amiga, ile kompyuta ya zamani ya Commodore, ni kitu gani. Asiyeijua asingeacha shughuli zake kuja ukumbini. Naingia moja kwa moja kwenye swali ninaloulizwa kila nikikutana na mwenye Amiga aina ya A1200 anayetaka deskitopu mpya mahali pa Workbench, ile iliyokuja na mashine: "Mwalimu, niweke Scalos au niweke Opus?" Na mimi siku zote namrudishia swali: mstari wa juu wa Workbench yako unasoma ngapi?

Mnaona? Kimya. Workbench yenyewe inakuandikia pale juu kumbukumbu ya picha iliyobaki na kumbukumbu nyengine iliyobaki, na watu wanaupita mstari huo wakakimbilia kutazama ikoni. Nimeshalisema hili mara nyingi, na leo nitalisema tena kwa hesabu.

A1200 ilitoka 1992 ikiwa na MB 2 za kumbukumbu ya chipu, ndiyo hiyo ya picha, basi. Skrini unayoiona lazima ikae humo. Skrini ya PAL, mfumo wa televisheni zetu, nukta 640 kwa mistari 256, inakula KB 20 kwa kila tabaka moja, na kila tabaka unaloongeza linazidisha rangi mara mbili. Rangi 4 ni matabaka 2, yaani KB 40. Rangi 8 ni matabaka 3, KB 60. Rangi 256 ni matabaka 8, KB 160. Sasa weka na picha ya kujaza skrini nyuma ya ikoni: hiyo nayo ina KB 160 zake. Hujafungua hata droo moja, yaani folda, na zimeshakwenda KB 320 katika 2,048. Ukiongeza mistari ifike 512 ili upate nafasi ya ikoni, skrini inakula mara mbili, na kwenye televisheni ya kawaida mistari inapepesa mpaka kichwa kinauma. Sisi Zanzibar tuna televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wenzetu wa Bara waliipata 1994, kwa hiyo seti za PAL zimejaa majumbani na wengi wenu ndizo mnazochomekea mashine hizi. Kaeni kwenye mistari 256.

Nikupeni kisa. Kijana mmoja wa Ng'ambo, hapa hapa Mjini, aliniletea A1200 ya ami yake. Ami mtu alikuwa akipiga video za harusi, na majina ya bwana na bibi harusi aliyachora kwa programu ya Deluxe Paint, yakitembea juu ya picha ya video kwa kutumia genloku, kifaa cha kuchanganya picha ya kompyuta na ya video. Mashine ilikaa kabatini miaka na miaka. Kijana akaifufua kwa mapenzi yake mwenyewe, na nilimsifu kwa hilo. Kisha akaweka Scalos, akaweka rangi 256, akaweka nyuma picha ya Beit al-Ajaib aliyoipiga kabla jengo halijaanguka upande 2020, akamalizia na ikoni za PNG. Ilipendeza, sikatai. Siku moja mama yake akamwambia: mwanangu, ami yako aliniwekea jina langu katika mashine hiyo, nionyeshe. Kijana akafungua Deluxe Paint, akaita faili la harusi, mashine ikamjibu kumbukumbu haitoshi. Akajaribu faili jengine, jibu lile lile. Akaamini diski ngumu imekufa. Alipokuja kwangu alikuwa ameshaamua kuifomati. Kuifomati, jamani! Kazi yote ya ami yake!

Nikamwambia zima. Washa, na huku umeshikilia vitufe vyote viwili vya kipanya. Ikaja menyu ya mwanzo, tukachagua kuwasha bila Startup-Sequence, lile faili la amri ambazo mashine huzipitia kila ikiwaka, akaandika LoadWB, amri ya kuiita Workbench, ikaja Workbench tupu ya rangi 4. Akafungua Deluxe Paint, akaita faili. Likaja zima, halina hata doa. Majina ya wazee wake yakapita kwenye skrini, na maua ya kilua yamechorwa pembeni. Diski haikuwa na ubaya wowote. Deskitopu ndiyo iliyoketi juu ya kumbukumbu ambayo kazi ya ami ilikuwa ikiihitaji.

Najua kuna mmoja hapa anasema moyoni: mwalimu, si aongeze kadi ya kumbukumbu? Ongeza, yakhe. Kadi ya MB 8 inayoingia kwenye mlango wa chini ni ununuzi mzuri kuliko wote. Programu zinahamia huko na prosesa haisubiriani tena na chipu za picha. Lakini skrini inabaki kwenye zile MB 2. Kuna kiraka, programu ndogo ya kurekebisha mfumo, kinaitwa FBlit kinachoweza kuhamishia baadhi ya picha kwenye kumbukumbu ya kadi, na kinasaidia. Skrini yenyewe hakiihamishi. Ukiwa na kadi ya MB 8 au ya MB 128, hesabu yangu ya matabaka iko pale pale.

Mwengine anasema: basi wewe hutaki tubadilishe kitu. Nataka! Workbench 3.1 ina udhaifu unaokera kweli. Unanakili droo kubwa, kielekezi kinageuka saa, na Workbench nzima inakuweka usubiri mpaka imalize. Katika mashine iliyojengwa kufanya kazi nyingi kwa pamoja! Opus 5 na Scalos zote mbili zimeliondoa hilo: kila dirisha linakwenda kivyake, hili linanakili, lile unaendelea nalo. Hiyo ni sababu ya mtu mzima ya kubadilisha deskitopu. Mwenye kuniambia anataka ifanane na Windows, huyo nitamwomba arudi kwenye Windows.

Mimi nachagua Opus 5, toleo liitwalo Magellan, kwa mwenye kadi ya kumbukumbu na mafaili mengi. Wenyewe walioitoa, GPSoftware, walishahamia Windows, lakini msimbo wa Opus 5 ulifunguliwa 2012, na wapenzi wa Amiga wameendelea kuurekebisha. Scalos mpeni anayependa kufanya kazi kwa ikoni, na muiwekee rangi 8 au 16. Mwenye MB 2 tupu abaki na Workbench, apake ikoni za MagicWB ambazo zilichorwa kwa rangi 8 tu, na bado zinapendeza. Asione haya hata kidogo.

Namna ya kupima, andikeni. Kabla hujaweka chochote fungua Shell, dirisha la kuandikia amri, andika Avail FLUSH, amri ya kuonyesha kumbukumbu iliyobaki, nakili namba ya chipu kwenye karatasi. Weka deskitopu mpya, zima, washa, andika tena Avail FLUSH. Tofauti ya namba mbili hizo ndiyo bei unayolipa. Kisha fungua ile programu kubwa kuliko zote unayoitumia, si mchezo mdogo wa kujaribia. Ikifunguka na kazi yako ndani, deskitopu imefaa. Isipofunguka, iondoe siku hiyo hiyo.

Na ule mstari wa LoadWB kwenye Startup-Sequence msiufute. Wekeni alama ya nukta-mkato (;) mbele yake, mashine itauruka, na siku ya shida unaiondoa tu alama. Mwenye kompyuta ya kisasa ajaribu yote haya kwanza kwenye WinUAE, programu inayoiigiza Amiga, aipe MB 2 za chipu kama mashine yake ilivyo. Asiipe MB 64 za kadi asiyokuwa nayo, kisha akashangaa.

Umeme. Mliokuwa hapa mwisho wa 2009 mnakumbuka giza la miezi mitatu. Siku hizi ni afadhali, lakini bado unakatika. Ukikatika diski inapoandikwa, mfumo wa mafaili wa FFS utataka kukagua diski yote kabla haujakubali kuandika tena. Kwa hiyo msiihifadhi mipangilio ya deskitopu kila baada ya kusogeza ikoni. Panga yote, hifadhi mara moja. Anayeweza ahamie PFS3, mfumo mwengine wa mafaili.

Nilitaka kuzungumzia mfumo wa Amiga wa 3.2 wa 2021, ambao umeitengeneza Workbench yenyewe, lakini adhana ya magharibi imekaribia. Kapasita pia: za A1200 zinavuja, na unyevu wa kwetu hausaidii, mkazitazame kabla ya programu yoyote. Wenye A500 ya Kickstart 1.3, ule mfumo wa zamani ulio ndani ya chipu, Scalos haikuhusuni, inataka mfumo wa 3.0 kwenda juu. Bakini kidogo baada ya sala, mniambie mna kumbukumbu kiasi gani.